pre-commit na Ruff kwenye Git: uzoefu wangu wa kuiachia mashine kazi ya kupanga msimbo

Kilichonisukuma kutafuta zana hizi ni mapitio ya msimbo, yaani kusomeana kazi kabla haijaunganishwa. Timu yetu inaandika Python, wengine tuko Dar es Salaam, wengine wanafanyia kazi nyumbani Morogoro na Arusha, na kwa muda mrefu maoni tuliyokuwa tukiachiana yalikuwa yaleyale: nukuu moja au mbili, koma ya mwisho ipo wapi, mstari umekuwa mrefu, kuna nafasi zimebaki mwishoni. Mtu ameandika hesabu ya makato ya mshahara, maoni yamejaa ukurasa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama makato yenyewe yamepigwa sawasawa. Hilo ndilo lililoniuma.

Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina njia yake ya kuzuia hili. Ndani ya folda ya `.git/hooks` unaweza kuweka skripti inayoitwa `pre-commit`, nayo hujiendesha kabla komiti, yaani badiliko unalohifadhi kwenye historia, haijaandikwa. Ikikuta kosa, komiti inasimama. Lakini folda hiyo haisafiri na repo, yaani mradi pamoja na historia yake. Anayekloni, yaani anayejinakilia repo, hapati skripti zako, na ni haki iwe hivyo, maana vinginevyo kukloni repo ya mtu usiyemjua kungekuwa ni kumpa ruhusa ya kuendesha atakacho kwenye kompyuta yako. Programu ya pre-commit, kazi ya Anthony Sottile, ndiyo inayoziba pengo hilo. Unaandika faili moja inayotaja zana za kuendeshwa, unaikomiti kama faili nyingine yoyote, na kila mwenzako anaandika `pre-commit install` mara moja tu. Yetu ya sasa, inayotumia Ruff, inaanza hivi:

```
repos:
  - repo: https://github.com/astral-sh/ruff-pre-commit
    rev: v0.4.4
    hooks:
      - id: ruff
        args: [--fix]
      - id: ruff-format
```

Kabla ya Ruff tulianza na Black, fomata (programu ya kupanga msimbo) aliyoitoa Łukasz Langa mwaka 2018. Mstari wake ni herufi 88 na machaguo ni machache kwa makusudi, kwa hiyo hakuna kikao cha kubishana. Wenzangu wawili waliogopa kwamba mashine itaharibu msimbo unaofanya kazi. Kilichowatuliza ni kwamba Black, ikishapanga faili, hulinganisha muundo wa kisintaksia, yaani jinsi Python inavyousoma msimbo, wa kabla na wa baada, na ikiona umebadilika haiandiki chochote. Baadaye, Ruff ilipotoa fomata yake Oktoba 2023, tulihamia huko. Imeandikwa kwa lugha ya Rust na matokeo yake yanakaribia sana ya Black, hivyo mistari iliyoguswa ilikuwa michache. Kwenye laptop kuukuu tofauti ya kasi unaiona waziwazi: ukikomiti, inamaliza kabla hujahamisha macho.

Mstari wa `rev` usiuchukulie kirahisi. Ndio unaohakikisha wote mnatumia toleo moja. Bila hivyo, toleo la kwangu litapanga faili hivi, la kwako litaipangua, na historia ya repo itajaa mabadiliko yasiyobeba kitu. Sisi mtu mmoja ndiye anayeendesha `pre-commit autoupdate`, na anayaleta mabadiliko hayo peke yake, hayachanganywi na kazi nyingine.

Jambo moja linawasumbua sana wageni, hasa wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Fomata ikirekebisha faili, komiti inakataliwa. Kwenye terminali wanaona neno `Failed` na wanadhani wamevunja kitu. Hawajavunja chochote: faili imeshapangwa, kilichobaki ni kuitazama, kuandika `git add` na kukomiti upya. Mimi naupenda utaratibu huo, kwa sababu haikubaliki mashine ikomiti kitu ambacho mwenye kazi hajakiona. Ila kwa anayeanza, mtu akae naye siku ya kwanza amweleze.

Halafu kuna suala la bando. Mara ya kwanza pre-commit hupakua kila zana na kuitengenezea mazingira yake chini ya `~/.cache/pre-commit`. Ukiwa na fomata ya Python, Prettier kwa ajili ya JavaScript na vikaguzi vingine, data inayoondoka si haba, na mbaya zaidi inaondoka pale ulipokuwa na haraka ya kukomiti. Tumia `pre-commit install --install-hooks` ukiwa kwenye Wi-Fi, ipakue yote mapema. Na kama mna miradi mingi, ipeni yote namba zilezile za matoleo: ghala hilo linatumika na repo zote za kwenye kompyuta, kwa hiyo zana yenye toleo lilelile na mipangilio ileile haipakuliwi tena. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayelipia intaneti kwa gigabaiti.

Sehemu iliyohitaji ustadi ni siku ya kupanga repo nzima. Repo yetu ilikuwa na miaka ya msimbo wa kila mkono. Ukiendesha `pre-commit run --all-files`, karibu kila faili inabadilika, na kuanzia hapo `git blame` itamtaja aliyeendesha fomata kuwa ndiye mwandishi wa kila kitu. Kumbukumbu ya nani aliandika mstari gani ni mali ya timu, haifai kupotezwa kwa ajili ya usafi. Dawa ipo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019: upangaji uwe komiti ya peke yake, namba yake kamili ya utambulisho iandikwe kwenye faili ya `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mtu aandike `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. GitHub inaisoma faili hiyo yenyewe. Namba hiyo iandikwe baada ya kuunganisha kwenye tawi kuu (mkondo mkuu wa kazi ya timu), kwa kuwa mkiunganisha kwa kukunja komiti ziwe moja, namba hubadilika.

Kabla ya siku hiyo, maliza maombi yote ya kuunganisha yaliyo wazi. Kama kuna tawi ambalo haliwezi kungoja, mwenye tawi aunganishe kwanza komiti iliyo kabla ya ile ya upangaji, aendeshe fomata ileile kwenye tawi lake na kukomiti, ndipo aunganishe komiti ya upangaji akichukua upande wake pale panapogongana. Ni hatua tatu, na zinamwokoa na migongano isiyo na maana.

Wanaotumia Windows, ongezeni `* text=auto eol=lf` kwenye `.gitattributes`, la sivyo alama za mwisho wa mistari, ambazo Windows huandika tofauti, zitawasumbua hata baada ya haya yote.

Ndani ya repo ya pre-commit-hooks mna vikaguzi vingine ambavyo sasa nisingeviacha: `detect-private-key` huzuia ufunguo wa siri usikomitiwe, na `check-added-large-files` hukataa faili mpya inayozidi kilobaiti 500 usipoibadilishia kiwango. Kwa timu inayosukuma kazi kwa mtandao wa simu, hicho cha pili peke yake kinatosha kuwa sababu ya kuweka pre-commit.

Mwisho, usitegemee kompyuta za watu pekee. Yeyote anaweza kuandika `git commit --no-verify` na ukaguzi wote ukarukwa, na kuna siku anayo sababu ya kweli, kwa mfano kuhifadhi kazi nusu kabla umeme haujakatika. Ndiyo maana amri ileile ya `pre-commit run --all-files` tumeiweka pia kwenye seva inayokagua kila ombi la kuunganisha. Kwenye kompyuta yako unaweza kuruka; kwenye tawi kuu huingii mpaka seva ikubali.