Hoteli tatu kwa safari moja ya Orlando, na dola 840 zilizonasa hoteli ya kwanza

Asiyetaka kusoma yote achukue hili tu: usihame hoteli katikati ya safari ya Orlando ukiwa na kadi ya debiti. Pengine usihame kabisa. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuipoza kwanza, maana imetokana na hesabu, na hesabu hiyo itamfaa mtu.

Mpango ulikuwa ule wanaoupanga wengi wanaoujua mji huo. Usiku 3 hoteli ya bei nafuu nje ya mbuga za burudani, upande wa Lake Buena Vista. Usiku 2 ndani ya Walt Disney World, Animal Kingdom Lodge. Usiku 1 wa mwisho kwenye mbuga za Universal, hoteli ya Royal Pacific. Siku za mwanzo ni za kulala uchovu wa ndege na kununua vitu vidogo vidogo, hakuna sababu ya kulipia chumba cha fahari. Ukilala ndani ya Disney unaingia mbugani nusu saa kabla ya wengine, kila siku, hata siku ya kuingia hotelini na siku ya kutoka. Na ule usiku mmoja wa Universal una faida yake, nitaifikia. Mpango hauna kasoro. Aliyeuharibu ni hoteli ya kwanza, ambayo jina lake naliacha.

Ukifika mapokezi wanachukua kadi, na benki inaombwa itenge kiasi fulani. Hapo bado hujakatwa, pesa zimefungiwa tu; hilo ndilo zuio. Kwangu ilikuwa dola 540 za chumba kwa usiku 3, kodi na ada ya huduma za hoteli zikiwemo, halafu dola 100 kwa kila usiku kama dhamana ya vitu unavyoweza kutumia. Jumla dola 840. Mpaka hapo sina ugomvi, ndiyo desturi ya hoteli za Marekani.

Ugomvi unaanza siku ya kutoka. Zuio lile lina namba yake ya idhini. Karani anayejua kazi hufunga bili kwa namba hiyo hiyo: dola 540 zinakatwa ndani ya zile 840, na 300 zilizobaki zinaachiwa. Karani mvivu anafungua muamala mpya. Anakata dola 540 upya, na zile 840 anaziacha zinaelea, kwa sababu mashine haioni uhusiano kati ya mauzo mapya na idhini ya zamani. Benki nayo inaendelea kuzishikilia mpaka muda wa idhini uishe wenyewe. Kwa hiyo bili ya dola 540 ilifunga dola 1,380 za akaunti.

Mwenye kadi ya mkopo hapungukiwi kitu zaidi ya kikomo chake cha kukopa, na huenda asijue kamwe kwamba kosa limefanyika. Kwenye kadi ya debiti ni hela yako yenyewe, ile uliyopanga kulia chakula. Na ukilala hoteli moja tu mwanzo hadi mwisho, zuio linabaki huku wewe ukiwa tayari uko kwenye ndege unarudi. Anayeumia ni anayehama, kwa sababu hoteli ya pili inaomba zuio lake, na ya tatu lake, na la kwanza bado halijaachia.

Siku ya kutoka niliuliza mapokezi kama zuio limefungwa. Jibu: “Linajitoa lenyewe.” Niliomba karatasi yenye namba ya idhini. Karani alinipa risiti ya kawaida, ile isiyo na namba hiyo, akamwita mgeni aliyekuwa nyuma yangu.

Siku mbili baadaye, kaunta ya hoteli ya tatu, kadi ikakataa. Dada wa pale alikuwa na staha: aliinama karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, akaniuliza kama nina kadi nyingine. Hakuna aliyesikia. Mizigo nikaiacha kwake, nikarudi hoteli ya kwanza kwa teksi, zaidi ya kilomita 15 kwa barabara ya I-4, ambayo magari yake alasiri yanatambaa.

Pale nilimkuta yule yule. Nilimwekea simu juu ya kaunta, taarifa ya benki imefunguka, mistari miwili mmoja juu ya mwingine: 840 inasubiri, 540 imekatwa. Jina la hoteli kwenye mistari yote miwili. Hakuitazama. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, na kidole kiligonga mara mbili, tatu, kama mtu anayesubiri nimalize. Halafu akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: “Wageni wengine wote hapa kadi zao zinafanya kazi. Ongea na benki yako.”

Benki iko Dar es Salaam. Majira ya joto Dar iko mbele ya Florida kwa saa 7. Benki inapofunga milango saa 10 jioni, Orlando ni saa 3 asubuhi, watu ndiyo wanakunywa chai. Mimi nilikuwa nimesimama kaunta saa 11 jioni, yaani Dar ni saa 6 usiku. Na hata ungempata mtu, benki kwa kawaida haivunji zuio kabla ya muda wake mpaka aliyeliweka aseme ameliacha. Kumwambia mgeni “ongea na benki” ni kumfukuza kwa adabu, na hapa hata adabu haikuwepo.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania kuhama hoteli, na najua wapo, afanye hivi. Beba kadi mbili: moja ya mazuio tu, ya mkopo kama unayo, nyingine ya kula na kununua. Usizichanganye. Siku ya kuingia uliza zuio ni kiasi gani kwa usiku, na ada ya huduma za hoteli na maegesho kama vimo ndani, uandike. Hoteli za Disney hazina ada hiyo ya huduma, na mgeni anayelala pale halipii maegesho. Hoteli nyingi za nje zinatoza vyote viwili. Siku ya kutoka usitoke kimyakimya kwa simu. Simama kaunta, sema unataka bili ifungwe kwa idhini ile ile ya kuingilia, na uondoke na karatasi yenye namba ya idhini, kiasi, tarehe na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Ukiamua dakika za mwisho kulipa kwa fedha taslimu au kadi nyingine, zuio la kadi ya kwanza halifutiki kwa sababu hiyo; lazima walifute kwa makusudi. Wakikataa kufuta, waombe waiandikie benki yako barua ya kuachia zuio, na fanya hivyo asubuhi, kabla ya saa 3 za Orlando.

Mizigo nayo ina kanuni zake. Ukihama kutoka hoteli moja ya Disney kwenda nyingine ya Disney, wahudumu wa mizigo wanakuhamishia mabegi bila malipo. Unawakabidhi asubuhi kabla ya saa 5, unakwenda zako mbugani, jioni unayakuta hoteli mpya. Usitie dawa, pasipoti, kompyuta wala chakula cha kuharibika, maana begi linaweza kukaa saa nyingi kabla hujaliona tena. Ukitoka hoteli ya nje, au ukienda Universal, hakuna wa kukuhamishia: ni teksi na mgongo wako. Ndiyo maana begi moja kwa kila hoteli ni bora kuliko begi moja kwa kila mtu. Lile la hoteli ya tatu halifunguliwi hadi hoteli ya tatu. Juu yake weka mkoba mmoja wa siku ya kuhama: nguo za kuogelea, chaja, dawa, nguo ya kubadili. Kipande cha tiketi ya mizigo kipige picha papo hapo. Karatasi ile inalowa jasho na namba inafutika. Bakshishi dola 2 kwa begi inatosha.

Pengo la saa ndilo wengi hawalihesabu. Kutoka ni saa 5 asubuhi. Kuingia Disney ni saa 9 alasiri kwa vyumba vya kawaida, saa 10 kwa nyumba zenye majiko na kwa Universal. Kwa muda wa saa 4 au 5 huna chumba, kwenye jua la Florida, na ngurumo za alasiri juu. Usizipoteze ukiwa umekaa kwenye masanduku. Mabegi yafike kaunta ya hoteli mpya saa 2 asubuhi, jiandikishe, nenda mbugani au bwawani. Bwawa la hoteli mpya unaruhusiwa hata chumba kikiwa bado. Kwa mwaka 2025 Disney iliwapa wageni wa hoteli zake kiingilio cha bure cha mbuga za maji siku ya kuingia, na kwa anayehama hapakuwa na namna bora ya kuziba pengo hilo.

Sasa Animal Kingdom Lodge, na hapa lazima niwe mkweli hata kama hasira haijatulia. Mtu wa Afrika Mashariki atauliza anafuata nini twiga wa Florida. Nami niliuliza. Lakini ukilipia chumba kinachotazama mbuga ya wanyama, asubuhi unafungua pazia na chini ya roshani wamesimama ng'ombe wa Ankole, pembe kama mikono ya mtu aliyepokea habari njema, na nyuma yao pundamilia. Majengo yanaitwa Jambo House na Kidani Village, migahawa Jiko, Boma na Sanaa, mabwawa Uzima na Samawati. Yanatamkwa na watu wa dunia nzima kwenye lifti, vibaya, na bado yanafurahisha masikio. Chumba cha mtazamo wa kawaida usikichukue. Utatazama maegesho, na faida yote ya hoteli hiyo ni dirisha. Ubaya wake ni usafiri: hakuna treni ya juu, hakuna gari la kamba, hakuna boti, ni basi tu, na mbuga ya Magic Kingdom iko mbali. Usiku 2 zinatosha. Hapo ndipo kuhama kuna maana: ungelala pale wiki nzima ungechoshwa na mabasi, usingelala kabisa ungekosa wale ng'ombe.

Na Royal Pacific. Hoteli 3 za Universal, Portofino Bay, Hard Rock na hiyo, zinampa kila mgeni aliyemo chumbani Express isiyo na kikomo, yaani pasi ya kuruka foleni, kwa mbuga za Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Mbuga ya Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, haimo. Inaanza siku unayoingia hadi siku unayotoka, kwa hiyo usiku mmoja ni siku 2 za kupita foleni. Ukiinunua peke yake hupita dola 100 kwa mtu kwa siku. Watu 4 kwa siku 2, chumba kimejilipa. Masharti ni kufika mapema asubuhi ya siku ya kuingia, ujiandikishe, uchukue Express yako, chumba kije baadaye. Tiketi za mbuga ni juu yako.

Kwa hiyo nilivyosema mwanzo, usihame kabisa, nimevuka. Hama. Lodge kisha Royal Pacific zibaki, na zile usiku 3 za bei nafuu uziweke kwenye hoteli nafuu ya Disney yenyewe, Pop Century au All-Star, ili mizigo ihamishwe na wao. Hata dola chache zaidi kwa usiku ni nafuu kuliko nilichopata mimi. Ila nikikumbuka kile kidole kikigonga kipanya narudi palepale. Simu haikuwa mbali, ilikuwa mbele yake. Kuinamisha macho tu.

Zuio lilitoka baada ya siku 11, usiku, lenyewe. Hoteli haikuandika wala kupiga simu.