Dabo ya Wanaume Ukumbini Turin: Inastahili Bando Lako?

Habari zenu wadau, karibuni tena hapa Mtwara. Leo mezani sina simu wala spika. Nachambua kitu kisichoshikika mkononi lakini hela kinakula kama bidhaa nyingine yoyote: dabo, yaani tenisi ya wawili wawili, ya wanaume kwenye fainali za msimu za ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, zile zinazochezwa ndani ya ukumbi kule Turin, Italia, kila Novemba. Na Novemba ndugu zangu mnaijua, ni msimu wa korosho, mifuko ina uhai, kila mtu anatafuta pa kuchomea hela.

Wenye haraka wachukue jibu lao waende: nunua. Ila nunua kwa ajili ya dabo, singo (ile ya mmoja kwa mmoja) waachie wenye televisheni kubwa.

Nieleze kwa nini. Wengi wetu tunatazama kwenye simu, na ili bando lisife mapema tunashusha ubora wa picha hadi 360. Sasa kwenye ubora huo, servisi, ule mpira wa kuanzisha pointi, ya kilomita 200 kwa saa huioni. Unaona mtu anarusha mkono, halafu unaona mwenzake anatikisa kichwa. Ukitazama singo hivyo umeliwa, maana utamu wote uko kwenye mpira. Kwenye dabo utamu uko kwa watu, na watu wanaonekana hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Fanyeni hivi. Mechi ikianza, achana na anayeanzisha mpira, mtazame mwenzake aliye kwenye neti. Kabla ya kila pointi anapeleka mkono mmoja nyuma ya mgongo, anaonyesha vidole. Pale anamwambia mwenzake mpira uelekee wapi, na yeye mwenyewe atakatiza kwenda upande wa pili au atabaki. Kila timu ina ishara zake. Wakati mwingine anachuchumaa katikati kabisa ya uwanja, kichwa chini ya usawa wa neti, na servisi ya mwenzake inapita juu ya utosi wake. Yule anayepokea hajui jamaa ataibukia kushoto au kulia. Anaotea. Akiotea vibaya, mpira unakutana na raketi mita mbili kutoka kwenye wavu na pointi imeisha. Sekunde tatu, nne. Hapo ndipo bando langu linapokwenda, na silionei huruma.

Mtaona pia mipira mingi inapigwa katikati, na mgeni atashangaa, mbona pembeni kuna nafasi? Uwanja wa dabo una upana wa mita 10.97, wa singo ni 8.23, kwa hiyo ndiyo, nafasi ipo. Lakini neti katikati ina sentimita 91 na kwenye nguzo inapanda hadi 107. Katikati ni chini zaidi, na ukipiga pale wapinzani wawili wanatazamana: wako au wangu? Raha sana ile.

Kwa nini nasisitiza ukumbini? Aliyewahi kushika raketi huku pwani anajua upepo wa bahari unavyomfanya mtu. Unarusha mpira juu upige servisi, unakuta umehama. Ndani hakuna upepo, hakuna jua la kukupofusha ukitazama juu kupiga smashi. Ukumbi wa Turin ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2006, walichezea hoki ya barafu mle. Wanazima taa za mashabiki, wanaacha uwanja peke yake unang'aa. Kwa hiyo kila mtu anapiga vizuri, na timu inashinda kwa akili ya kupanga, siyo kwa hali ya hewa. Fainali ya 2024, Kevin Krawietz na Tim Pütz wa Ujerumani waliwafunga Marcelo Arévalo na Mate Pavić, na seti zote mbili, yaani vipindi vyote viwili vya mechi, zilikwenda taibreki, ile gemu ya ziada ya kuvunja sare. Nafasi ya kosa ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Mechi zenyewe hazichoshi. Gemu ikifika 40 kwa 40, yaani sare, hakuna kuvutana, inachezwa pointi moja tu, na wanaopokea ndio wanaochagua nani apokee. Timu zikigawana seti moja moja, hakuna seti ya tatu. Wanakwenda taibreki ya kufika 10, kwa tofauti ya pointi mbili. Mara nyingi saa moja na nusu mambo yamekwisha. Kwa mwenye bando la kupimia, hiyo ni habari njema.

Ila hapo hapo ndipo kasoro yangu ya kwanza ilipo. Ile taibreki ya 10 naiona ya bahati nasibu. Watu wamepigana saa nzima, halafu mpira mmoja unagusa juu ya neti unadondokea upande wa pili, wamerudi nyumbani. Kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, seti ya tatu inachezwa yote, na mimi naona ndiyo haki.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: timu hazidumu. Zamani ungemshika mtu na mwenzake ukawafuata miaka. John McEnroe na Peter Fleming walichukua taji hili mara 7 mfululizo, enzi zile linachezwa New York. Mapacha Bob na Mike Bryan, mmoja wa mkono wa kushoto mmoja wa kulia, walilichukua mara 4. Sasa mtazame Joe Salisbury: 2022 na 2023 bingwa na Rajeev Ram, 2025 yuko fainali na Neal Skupski, wakafungwa na Harri Heliövaara na Henry Patten. Ukisinzia mwaka mmoja, ukirudi kila mtu ana mwenza mpya. Kama kununua jezi, basi ninunue ya nani?

Na watangazaji nao wanaudhi. Kamera inaufuata mpira, pointi nzuri inarudiwa kwa karibu, sura ya mpigaji imejaa kioo, wakati aliyeitengeneza ni mwenzake na hayumo hata kwenye picha.

Msijisumbue kuitafuta kwenye kibanda umiza. Mimi nilimwomba jamaa mmoja wa hapa mtaani Chikongola aniwekee dakika kumi tu, kabla mechi ya Ligi Kuu haijaanza. Akaweka kweli. Dakika ya pili mzee mmoja nyuma akauliza, "Hawa wanne mbona mpira wenyewe mmoja?" Kibanda kizima kikacheka, rimoti ikarudi kwenye mpira wa miguu. Lakini yule mzee alipotoka nje alinifuata, anataka nimweleze vile vidole vya mgongoni ni vya nini.

Kwa ratiba: timu ni 8, makundi mawili, kila timu ina uhakika wa mechi tatu, kwa hiyo kuna siku nyingi za kuchagua. Kwenye makundi, dabo ya kwanza ya siku inaanza saa tano na nusu asubuhi kwa saa za kule, huku kwetu ni saa saba na nusu mchana. Ya pili ni saa mbili usiku kwa saa zetu. Chukueni ya mchana. Usiku sote tuko hewani, mtandao unaelemewa, na picha ikiganda pale kwenye 40 kwa 40, hiyo pointi moja imeshakupita.