ThinkPad T480 iliyotumika: kompyuta ya watoto ambayo bisibisi inaifungua

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kompyuta ya watoto, mara nyingi utawekewa mezani mashine mbili. Moja ni mpya, bado iko ndani ya boksi: prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya eMMC, nayo imechomelewa kwenye bodi, ya GB 64 au 128. Nyingine ni nyeusi, imetoka ofisini huko Ulaya au Marekani, ina michubuko kwenye pembe na boksi lake halijulikani liliko. Ikiwa hiyo nyeusi ni ThinkPad T480 ya Lenovo na imepita vipimo vilivyoelezwa hapa chini, ichukue hiyo. GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi ndicho kima cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Masasisho mawili matatu yakishuka, hifadhi inajaa, sasisho linalofuata linakwama njiani, na fundi hana pa kuongezea chochote.

T480 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, diski inayobadilishwa, na betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma ambayo inatoka kwa kusukuma vibanio viwili. Kifuniko cha chini kimeshikwa na skrubu sita za kichwa cha msalaba, nazo hata zikilegezwa hazidondoki. Kwa mzazi anayetaka mtoto ajue kilichomo ndani ya kompyuta, hapo pekee pana somo la Jumamosi nzima.

Dukani, anza na jina kamili la prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa Processor. T480 ilitoka mwaka 2018, na nyingi zina prosesa za kizazi cha nane: i5-8250U, i5-8350U, i7-8550U au i7-8650U. Lakini zipo zilizouzwa na i5-7200U au i5-7300U za kizazi cha saba, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Hizo zina viini viwili badala ya vinne, na Windows 11 haizitambui rasmi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ya kizazi cha saba inamfaa tu aliye tayari kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaumiza watu wengi. Zima mashine, iwashe, na nembo ya Lenovo inapotokea bonyeza Enter, halafu F1. Ikiomba neno la siri kabla ya kukuonesha mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows), rudisha mashine mezani. Neno la siri la msimamizi kwenye ThinkPad halifutiki kwa kuchomoa kibetri cha bodi kama watu wanavyozoea kwenye kompyuta nyingine. Njia rasmi ya Lenovo ni kubadilisha bodi nzima. BIOS ikifunguka, ingia Security uangalie kipengele cha Absolute, kinachomwezesha mmiliki wa zamani kuifuatilia mashine hata diski ikibadilishwa. Kiwe kimezimwa.

Bado kuna kufuli moja ambalo halionekani hapo. Kampuni nyingi husajili kompyuta zao kwa Microsoft, na usajili huo unabaki hata Windows ikiwekwa upya. Mwambie muuzaji airudishe Windows mwanzo mbele yako na kuiunganisha na intaneti. Ukurasa wa kuingia ukitaja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, mashine hiyo haijaachiliwa. Muuzaji atakwambia kuna njia ya kuruka hatua hiyo bila intaneti. Ni kweli ipo, lakini siku utakapoiweka Windows upya kufuli litarudi.

Sasa betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotengenezwa. Utaona betri zote mbili, kila moja na Design Capacity yake (uwezo ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity yake (uwezo wa sasa). Ya ndani ni ya Wh 24 (wati-saa). Ya nyuma inaweza kuwa ya 24, 48 au 72, na hiyo ya 72 ni nene kiasi cha kuinua mashine kwa nyuma. Hesabu ni rahisi: kuandika na kusoma mtandaoni hutumia takribani wati 6 hadi 9. Betri mbili za 24 zilizobaki na asilimia 60 zinakupa kama Wh 29, yaani saa tatu na ushee hadi karibu saa tano. Chini ya asilimia 50, omba punguzo la bei linalolingana na betri mpya ya nyuma. Faida ya mpango huu wa betri mbili huonekana umeme ukikatika: mashine haizimi, na ya nyuma unaweza kuibadilisha huku mtoto anaendelea na kazi yake, maana ya ndani inashikilia.

Udhaifu mkubwa wa T480 uko kwenye matundu ya USB-C upande wa kushoto, ambayo ndiyo yanayopokea chaja. Jaribu chaja kwenye yote mawili, na uitikise waya taratibu. Ikikatakata, tundu limelegea, na kwa kuwa limechomelewa kwenye bodi, dawa yake ni fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea. Chomeka pia skrini au televisheni kwenye HDMI. T480 za mwanzo zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt (chipu inayoendesha tundu moja la USB-C) iliyoharibu kidogo kidogo kazi ya USB-C na wakati mwingine hata HDMI. Lenovo walitoa sasisho la kurekebisha, na kama mashine bado ni nzima, liweke siku hiyohiyo ya kununua. Nyumbani, waya wa chaja upite upande wa ukutani. Mtoto akijikwaa kwenye waya, tundu ndilo linaloumia kwanza.

Skrini ziko za aina kadhaa. Ikatae ya 1366×768: mtoto na mzazi wakikaa pamoja, mmoja wao ataona rangi zimegeuka. Tafuta ya IPS, ambayo rangi hazigeuki ukiitazama kwa pembeni, ya 1920×1080. Hata hiyo ni hafifu, barazani kwenye jua haisomeki. Kibodi, kwa upande mwingine, ni nzuri kuliko za kompyuta nyingi mpya, na ina njia za kupitisha maji yaliyomwagika. Chai ya maziwa yenye sukari haisameheki hivyo: zima, chomoa betri ya nyuma, pindua, na usiwashe mpaka ifunguliwe na kusafishwa.

Kabla ya kuifungua kwa kazi yoyote, ingia BIOS, Config, Power, kisha Disable Built-in Battery. Hatua hii inaikata betri ya ndani. Ukiiruka, bisibisi ikiteleza inaweza kuunguza bodi. Weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa sababu chipu ya picha ya Intel UHD 620 hukopa RAM ileile na inakwenda kasi zaidi RAM zikiwa mbili. Kwa diski, angalia kibebeo kilichomo: kuna cha SATA ya inchi 2.5 na kuna cha NVMe, diski nyembamba yenye kasi zaidi, na ukinunua NVMe bila kibebeo chake haitakuwa na pa kukaa. Puliza vumbi kwenye feni na ubadilishe dawa ya kupoozea prosesa. Baada ya miaka hii yote ile ya kiwandani imekauka.

Minecraft inachezeka. Michezo mizito, hapana, na hilo mtoto aambiwe mapema.

Kwa matumizi ya watoto, kila mmoja awe na akaunti yake isiyo ya msimamizi. Microsoft Family Safety inapanga muda wa skrini vizuri, ila kichujio chake cha tovuti kinafanya kazi ndani ya Edge tu. Ongeza kwenye ruta DNS (huduma ambayo vifaa huiuliza tovuti iko wapi) ya 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa vifaa vyote vya nyumbani, ingawa kijana anayejua VPN ataipita. Ukitumia bando la simu, weka muunganisho kuwa metered (wenye kikomo cha data), la sivyo Windows itakula bando lote kwa masasisho.

Hapo ndipo diski kubwa inapolipa. Kiwix inahifadhi Wikipedia nzima bila intaneti: ya Kiingereza yenye picha inahitaji zaidi ya GB 100, ya Kiswahili ni ndogo sana kuliko hiyo. Kolibri inaigeuza T480 kuwa maktaba ya masomo, yakiwemo ya Khan Academy kwa Kiswahili, ambayo simu na vishikwambi vya nyumbani vinaifikia kwa Wi-Fi bila kutumia bando. Scratch, ambayo mtoto hujifunzia kutengeneza programu kwa kupanga vitalu, nayo ina programu ya kusakinisha, na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, ni pa kuanzia pazuri kuliko Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno.

Mashine ikikaa muda mrefu kwenye chaja, fungua Lenovo Vantage upange betri ziishie asilimia 80. Na siku utakapoona ujumbe wa 0271 ukiiwasha, saa imerudi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka, usikubali kuuziwa bodi. Ni kibetri cha CR2032 chenye waya kimeisha, kinabadilishwa kwa dakika kumi.