Chemba ya mtiririko kwa somo la uvimbe: kifaa kizuri, kijitabu kibovu

Tumeitumia chemba hii, inayopitisha chembe za damu katika mifereji ya slaidi kama zinavyopita katika mshipa, muhula mzima katika maabara ya kufundishia, na inafaa kununuliwa na yeyote ambaye tayari ana pampu ya sirinji na hadubini inayotazama kutoka chini. Boksi lina slaidi za plastiki zenye mifereji miembamba, mirija laini, na protini za kupaka mifereji hiyo.

Mfereji uliopakwa P-selektini pekee, protini ya ukuta wa mshipa inayonasa chembe nyeupe za damu, ndio uliotunasa macho. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, zilizokuwa zikipita kwa kasi zilipunguza mwendo, zikawa zinabingirika kwa mikromita chache tu kwa sekunde, zikishika na kuachia bila kusimama. Ndivyo zinavyofanya katika vena ndogo zilizo karibu na kidonda, ambako ukuta wa mshipa hutoa P-selektini yake ya akiba ndani ya dakika chache, ilhali E-selektini, protini ya jamii hiyohiyo, hungojwa kwa saa kadhaa kwa kuwa lazima itengenezwe kwanza. Tulipoongeza ICAM-1 (protini nyingine ya ukuta wa mshipa) na interleukini-8 (kemikali ya kuita chembe nyeupe) katika mfereji wa pili, chembe zilibingirika kidogo kisha zikaganda palepale, kwani interleukini-8 huamsha integrini za chembe hizo, yaani protini zinazozishikiza kwenye ICAM-1. Mwanafunzi mmoja aliuliza ingekuwaje kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa integrini hizo. Ugonjwa huo upo, unaitwa LAD-1: chembe nyeupe hujaa katika damu, lakini kidonda hakitungi usaha.

Lawama yangu ni kwa kijitabu cha maelezo. Siku ya kwanza hakuna chembe hata moja iliyobingirika, nasi tukaidhania pampu bure. Kumbe damu ilichukuliwa kwa chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, ambayo huifunga kalsiamu, na selektini haishiki bila kalsiamu. Tulipozisafisha chembe na kuziweka katika maji ya chumvi yenye kalsiamu, kazi ikaenda. Sentensi moja tu ingetuokolea asubuhi nzima.

Picha ya kwenye boksi nayo inaonyesha chembe ikipenya ukuta wa mshipa, jambo ambalo plastiki iliyopakwa protini haiwezi kulionyesha. Anayelitaka aoteshe kwanza seli za ukuta wa mshipa juu ya slaidi. Viputo vya hewa pia ni adui, kwani kimoja tu hukokoa chembe zote, kwa hiyo mirija ijazwe taratibu kabla ya kuunganishwa.