Doki ya hadi diski ya mashimo mawili: msinunue (au nunueni, ila mnisikilize kwanza)

Niseme mapema kwamba nina hasira, kwa hiyo nikiandika kitu kikali mnivumilie, na yule kijana wa dukani kama anasoma hapa ajue kabisa ni yeye.

Mimi ni mpiga video hapa Mtwara mjini. Harusi, maulidi, kipaimara, na msimu wa korosho watu wakishalipwa ndo usiseme, sherehe za kutoa mwali zinagongana, Jumamosi moja naitwa sehemu tatu. Kazi zote zinaishia kwenye hadi diski zile kubwa za inchi tatu na nusu, maana kwa ukubwa wake ndo rahisi, ninazo saba nimezipanga kwenye boksi la viatu. Zamani kila mteja akitaka kazi ya mwaka juzi nilikuwa nazima mashine, nafungua ubavu wa sipiyu, nachomeka, nawasha, nakopi, nazima tena, narudisha. Jamaa yangu mmoja wa Ligula akaniambia we chomeka hivyohivyo mashine ikiwaka, SATA, yaani ile plagi ya diski, imetengenezwa hivyo. Na ni kweli, ukiiangalia ile plagi kuna meno ya ardhi yamezidi wenzake kwa urefu ili yaguse kwanza. Ila BIOS, ile mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya Windows, lazima iwe kwenye AHCI, namna mpya ya kuongea na diski, na mashine yangu ya kizee ilikuwa kwenye IDE, ile ya zamani, nikabadilisha, Windows ikagoma kuwaka kabisa, nikairudisha ilivyokuwa nikaachana na ushauri wa watu wa Ligula.

Ndo nikanunua hii doki, kifaa cha kuwekea hadi diski kinachoungwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Na wiki mbili za kwanza jamani, raha! Unatumbukiza diski kwa juu kama unaweka kaseti kwenye deki, taa ya bluu inawaka, diski hiyo hapo kwenye skrini. Ina adapta yake ya umeme, kwa hiyo haitegemei zile USB za mbele za sipiyu yangu ambazo chumvi ya pwani hii imeshazila. Niliisifia kwa kila mtu, nikamshawishi hadi mwenzangu wa Masasi anunue, namuomba radhi hapahapa.

Sasa sikilizeni ujinga wake. Boksi limeandika kwa mbwembwe kwamba unachomeka na kuchomoa mashine ikiwaka. Sawa, diski MOJA hakuna shida. Lakini shimo la kwanza likiwa na diski inakopi, halafu wewe kwa amani yako utumbukize nyingine shimo la pili, ile ya kwanza inapotea! Unasikia tu ile sauti ya Windows ya kitu kimetoka, sekunde chache ile ya kitu kimeingia, na kopi yako ya saa mbili imekufa. Mwanzo nilidhani ni umeme, maana umeme wetu tunaujua, gesi iko Mnazi Bay hapo pua na mdomo na bado tunanunua mishumaa. Kumbe hapana. Mashimo yote mawili yanaendeshwa na chipu moja na waya mmoja wa USB, na kwenye doki kama hii yangu chipu ikiona diski imeongezeka au imepungua inajianzisha upya, inazidondosha zote kisha inazisoma tena. Hilo kwenye boksi hawajaandika.

Nikairudisha dukani, na hapa ndo damu inapochemka.

Nimeingia, kijana yuko kwenye simu, hata kuinua kichwa hakuna, shikamoo ndo kabisa nisiitarajie, na mimi kwa umri naweza kuwa mjomba wake. Nimesimama weee. Nikaeleza tatizo. Akasema "braza, hizi nimeuza nyingi, hakuna aliyerudi." Nikamwambia basi tujaribu hapa. Tukaichomeka kwenye kompyuta yake, tukaweka diski yangu, tukaanza kukopi mafaili yake makubwa kuja kwenye diski yangu, na hapo nakiri kosa langu, diski niliyobeba ya kuonyeshea ndani yake kulikuwa na sherehe ya mwali niliyopiga wiki ileile. Akatumbukiza ya pili. Ya kwanza ikapotea kama nilivyomwambia, ikarudi. Nikasema umeona? Akasema "hiyo diski yako ndo mbovu," akaanza kukopi upya, eti ajaribu shimo lingine, na taa inapepesa hivyo AKAINYOFOA. Mbele ya macho yangu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, inazunguka bado, kama umewahi kuishika unajua inavyokupinga mkononi, yeye ameishika kwa vidole viwili kama mnunuzi wa pweza feri.

Akairudishia, Windows ikaleta ule ujumbe wa kufomati kwanza, yaani kuifuta na kuipanga upya, ndo utumie. Na huyu mtoto wa watu akaniambia, "Fomati tu bosi, inakuwa kama mpya."

Nikamwambia mdogo wangu, humo kuna kazi ya mtu. Akasema "si una bekapu?" Doki yenyewe niliinunua ili nitengeneze bekapu!! Nikamuuliza kwa nini hukuijekti, yaani kuiambia Windows iiachie kabla ya kuchomoa, akacheka, akasema siku hizi Windows haina hayo mambo ya kizamani. Na kinachoniuma, nilipofika nyumbani nikasoma, nusu yake ana haki. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809, la 2018, mpangilio wa kawaida ni ule wa kuchomoa haraka, yaani haiweki tena data pembeni kusubiri kuandika. Lakini hiyo ni kama diski imetulia haifanyi kitu! Huwezi kumpora mtu kalamu katikati ya neno halafu useme siku hizi wino unakauka haraka.

Na mimi nina langu. Diski ile niliifomati kwa mpangilio wa exFAT kwa sababu mwenzangu mmoja anatumia Mac, na Mac inasoma NTFS, ule mpangilio wa Windows, ila kuiandika haiwezi hadi uiwekee programu. Sasa exFAT haina jono, ile kumbukumbu ambayo NTFS inaitumia kujirekebisha ikikatishwa njiani. Ukiinyofoa inaandika, hiyo ndo bahati nasibu. Nikajaribu chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ikasema diski ni RAW, yaani haioni mpangilio wowote inaoujua, haiwezi.

PhotoRec ndo iliniokoa, programu ya kufufua mafaili, ni ya bure, ila inakwangua diski kipande kwa kipande na haijali majina, usiku mzima na UPS inalia kila umeme ukipepesa, asubuhi nina mafaili mia nne na kitu yanaitwa f na tarakimu, nimekaa nafungua moja moja kama napepeta mchele. Karibu yote yalirudi. Faili moja refu lilikuwa limetawanyika kwenye diski, limefunguka dakika mbili halafu rangi za kijani tu.

Doki ninayo bado, ndiyo, msinicheke. Pesa walikataa kurudisha na ukweli ni kwamba ukiijulia inafanya kazi vizuri mno. Naweka diski zote mbili KABLA ya kuiwasha, naichomeka USB ya nyuma, naijekti, nazima swichi, nasubiri mlio ukate kabisa ndo nanyanyua. Diski zote nimezihamishia NTFS, mwenye Mac atajijua. Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu, kwa lile boksi kudanganya. Ningekuwa nanunua leo ningechukua doki mbili za shimo mojamoja, basi. Duka ni sifuri, na nikipita pale navuka barabara nisije nikasema neno.

Nikifikiria zaidi hata doki ipewe mbili tu. Kwa sababu lile faili la rangi za kijani ndo ile sehemu bibi wa mwali, aliyesafirishwa toka Newala siku ileile, aliposimama akashika fimbo yake akaingia uwanjani kucheza. Hadharani, watu wote wakanyamaza. Mama mwenye sherehe ananipigia kila baada ya siku mbili, "mwanangu, ile ya bibi vipi?" na juzi tena nimemjibu kana kwamba kompyuta bado inaitengeneza: mama, bado inarenda.