Shela la binti kwa mafundi wa nyuma ya soko Tabora: cherehani safi, pasi ya kuchunga

Ukiwa Tabora mjini na unataka shela la kushonwa, si la kukodi, kibanda hiki cha nyuma ya soko kuu kinafaa, ila mama wa bibi harusi awe na sindano yake, subana yake (kofia ya kidole ya kusukumia sindano) na wiki nne hivi za kukaa na nguo. Mafundi ni watatu. Wana cherehani mbili za miguu, moja ya umeme na ovaloki moja, mashine ya kufunga kingo zisifumuke. Wanakubali jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa, yaani kugawana kazi na mama mzazi: wao wanakata, wanaunga na kutia zipu, mama anatia shanga, anapiga pindo la mkono na kutengeneza kumbukumbu, yaani zawadi ndogo za wageni. Gharama inashuka, maana shanga ndizo zinazokula siku za fundi.

Vipimo wanavichukua vizuri. Wanapima juu ya sidiria ileile itakayovaliwa siku ya harusi, na hilo pekee linaepusha ugomvi mwingi, kwa sababu sidiria yenye sponji inabadili kifua kizima. Kasoro ni viatu: hawaviulizi. Njoo navyo tangu siku ya kwanza, na binti akivivaa asimame wima, macho mbele. Akiinama tu kuangalia futi kamba, urefu wa mbele unadanganya.

Waombe washone kwanza kifua cha majaribio kwa marekani, ile pamba rahisi isiyopaushwa. Watanung'unika, wape tu kitambaa. Mita moja na nusu inatosha. Ndicho kitambaa kilichotumika kama fedha ya misafara hapa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, karne ya 19, na mpaka leo kinarudisha faida: makosa ya kwapa, bega na kiuno yanaishia kwenye kitu cha bei rahisi, satini inabaki salama. Nafasi ya kupumua iwe kama sm 3 kifuani, sm 2 kiunoni na sm 5 nyongani. Binti akae kitini, ainue mikono, acheze kidogo. Nguo nzima ikipanda anapoinua mikono, tundu la mkono limekatwa chini mno. Wengi hudhani ni dogo, wakalichimba zaidi, na hapo hapana tena dawa. Fundi mkuu hapa analijua hilo na hujaza pale chini ya kwapa badala ya kuchimba.

Vifaa nunua mwenyewe. Kwa binti wa urefu wa sm 165, umbo la kati, sketi ya kumwagika bila mkia mrefu: satini ya upana wa sm 150 mita 4, bitana mita 4, lesi mita 3, neti mita 6, gamustifu (kitambaa cha kukazia ndani) mita 1, zipu ya kujificha ya sm 60. Mkia ongeza mita moja hadi moja na nusu. Satini yote itoke jora moja. Nyeupe ya jora hili si nyeupe ya jora lile, na chini ya taa za ukumbi tofauti inaonekana wazi. Ukiagiza Kariakoo, agiza na ziada ya nusu mita, kwa sababu ukipungukiwa jora lile huenda limekwisha. Na satini ina upande wa kung'aa: kipande kilichogeuzwa kichwa chini kinaonekana kama rangi nyingine. Kuna fundi hugeuza vipande ili abane kitambaa, halafu akasifiwa kwa uangalifu! Hapa hawafanyi hivyo, ndiyo maana mita zao huonekana nyingi.

Ushonaji wenyewe ni wa kiwango. Sindano wanabadili: namba 9 au 11, mpya, kwa satini, 14 ya kushonea jinzi huvuta nyuzi na kuacha mistari. Pini wanazichoma ndani ya posho ya mshono tu, yaani ukingo unaobaki nje ya mshono, maana tundu la pini kwenye satini halizibiki. Mishono ya ubavuni wanaiachia sm 2.5 badala ya 1.5, hivyo nguo inaweza kuongezwa binti akinenepa kidogo kati ya sendofu na harusi. Neti na oganza wanazifungia ndani: mshono wa kwanza sm 0.6 upande wa nje, wanapunguza hadi sm 0.3, wanageuza na kushona tena sm 0.9. Hakuna uzi unaochungulia. Kwenye lesi hawaungi kwa mstari ulionyooka; wanakata kuzunguka maua, wanalalisha ua juu ya ua, na ubavu hauonyeshi maungio. Kwa kazi hiyo peke yake kibanda kinastahili sifa.

Zipu ichunguze. Lesi ikikaribia meno mno, uzi wake unanaswa, na zipu hukwama saa ya kutoka nyumbani. Acha kama nusu sentimita kati ya lesi na meno, na juu kabisa itiwe kulabu na kitanzi vipokee mvuto. Yote haya yatazamwe wakati nguo imepigwa bandi tu, yaani mshono wa muda wa mkono. Ukisikia "mama, pasi itaficha" mbele ya mshono uliopinda, dai ufumuliwe hapohapo, kwa kuwa satini ikishashonwa kwa cherehani na kufumuliwa, matundu ya sindano yanabaki.

Pasi ndiyo udhaifu wao. Umeme ukikatika wanawasha ya mkaa, na jivu moja juu ya satini nyeupe linaharibu kazi ya wiki mbili. Moto ukizidi, satini ya poliesta hung'aa vibaya na neti huyeyuka. Peleka kipande safi cha pamba nyeupe cha kuwekea juu, nguo ipigwe pasi kwa ndani, na ijaribiwe kwanza kwenye mabaki. Maji yasinyunyiziwe, matone huacha alama za duara. Umeme huohuo ukikosekana, ovaloki inalala, na kingo za bitana husahaulika bila kufungwa. Geuza nguo ndani nje kabla ya kumalizia malipo.

Mawe ya kubandika kwa gundi yakatae. Gundi hugeuka njano, na joto la Tabora la Septemba na Oktoba linailainisha hadi mawe yaondoke na vipande vya lesi. Shanga za kushona ni kazi ya mama, na hapa mji una bahati yake: nta ya nyuki. Uzi wa poliesta ukipitishwa kwenye nta mara mbili au tatu hausokoteki wala hauliwi na kingo za shanga. Lakini nta ya kahawia inayouzwa sokoni huacha doa la mafuta kwenye satini. Tafuta iliyochujwa hadi ikawa njano nyepesi, pitisha uzi, kisha ulalishe kati ya karatasi mbili na upige pasi ya uvuguvugu. Nta ya ziada inabaki karatasini, iliyobaki inazama ndani ya uzi. Shona kwa uzi maradufu, piga fundo kila baada ya shanga tatu au nne; uzi ukikatika zitadondoka hizo tu. Usitie shanga karibu na mshono, acha sm 1.5, na usianze kabla ya jaribio la pili, vinginevyo fundi akitaka kubana kiuno atavunja sindano juu ya kazi yako.

Pindo liwe la mwisho kabisa. Nguo ining'inie siku mbili kwanza, maana sketi iliyokatwa mshazari hushuka yenyewe, sehemu moja kuliko nyingine. Ining'inizwe kwa riboni zilizoshonwa kiunoni kwa ndani. Mabega hayabebi uzito wa shanga. Mafundi hawa hutundika kwa mabega, kwa hiyo riboni peleka wewe. Mbele pindo liwe juu ya ardhi kwa sm 2. Kwa kichanga cha huku na vumbi la kiangazi, bora hata 3. Na picha za chini ya miembe, nzuri kama zilivyo, ziwe mbali na tawi lililovunjika. Doa la utomvu wa mwembe ni vigumu mno kulitoa.

Kumbukumbu wanazouza kama kifurushi hazilingani. Kimto cha pete ni kizuri, kichukue. Leso za satini ni urembo mtupu: poliesta haifuti chozi, inalisukuma tu shavuni. Nunua pamba ya upana wa sm 150, mita moja na robo, uifue kwanza ijikunje, halafu kata vipande vya sm 32 kwa 32. Unapata 12, vya kutosha wazazi, matroni na wapambe, na kila kimoja kikikunjwa pindo la sm 1 kinabaki 30 kwa 30. Kona moja shonea ua la lesi lililobaki kwenye shela. Majina ukidarizi kwa uzi mwekundu, uloweke kwanza na uukamulie juu ya kitambaa cheupe, uone kama unachuja rangi.

Vichupa vya asali ndivyo vya Tabora hasa, ila vijaze nyumbani, kwa asali unayoijua ilikotoka. Wageni 150 kwa mililita 50 ni lita saba na nusu. Chukua lita nane na nusu, kama kilo 12, maana kuchuja kunapoteza. Chuja kwa chachi mara mbili, iache itulie siku nzima, engua povu. Asali iliyoganda ilainishe kwa chombo kilichowekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, kamwe si juu ya jiko. Chupa ziwe kavu kabisa. Maji kidogo tu yanaichachusha, na mfuniko utafumuka mkobani mwa mgeni. Vibandiko andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa maji huenea ukiguswa na kidole chenye asali, na tarehe iandikwe baada ya kanisa au msikiti kuithibitisha. Vibandiko 150 vya tarehe iliyosogezwa havina wa kumpa.