TAHADHARI: Muuzaji wa nyumba Columbus, Ohio, anayeficha maji ya besimenti kwa rangi

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba Columbus na miji ya jirani, kuna muuzaji anapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, na hata baada ya ibada utamkuta nje anagawa namba yake. Hununua nyumba kuukuu zinazoingiza maji kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, hupiga rangi, hutandika kapeti, kisha huwaambia watu wetu, "Besimenti imekamilika, wazazi wakija watalala huku." Jina silitaji kwa sababu suala liko kwa mawakili. Mbinu zake nazijua kwani kazi yangu ni kubomoa na kukausha besimenti, na nimeitwa zaidi ya mara moja kwa watu waliouziwa naye.

Nyumba ya mwisho niliyoifungua ilikuwa inang'aa. Nilipoinua kapeti pembeni, vile vibanzi vya mbao vinavyoishikilia vilikuwa vya zamani, misumari yote imeliwa na kutu. Nikakata bodi ya jipsamu: karatasi ya nyuma nyeusi tii kwa ukungu, na kwenye ukuta wa bloku kuna mstari wa kahawia unaoonyesha maji yalipofika, kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni. Kitanda cha mtoto mwenye pumu kilikuwa kimeegemezwa hapohapo. Iliniuma sana.

Ukienda kuangalia nyumba, anza na pua. Harufu ya uvundo haifichiki kirahisi, na ukikuta manukato makali au mashine ya kukausha hewa inanguruma, uliza kwa nini. Tuliokulia Mombasa au Tanga tunaijua chumvi inayobambua rangi ukutani. Ungaunga mweupe kwenye zege la besimenti ni jambo lilelile. Maji yanapita ndani ya ukuta, yanakauka, yanaacha chumvi. Rangi mpya nusu ya chini tu ya ukuta nayo inasema kitu. Halafu piga tochi pale ambapo huyu bwana hapaki rangi: chini ya ngazi, miguu ya mashine ya joto, kitako cha tangi la maji moto. Kutu hapo ni ushahidi. Ufa wa kulala, tena ukuta umebinuka kuja ndani, maana yake udongo wenye maji unausukuma, na hiyo ni kazi ya mhandisi. Kama kuna shimo la pampu inayosukuma nje maji yanayokusanyika chini ya sakafu, mwaga humo ndoo ya maji uone kama pampu inawaka. Toka nje pia uangalie: ardhi ikiteremkia nyumba, au gata zinamwaga maji kwenye msingi, hata ukuta usio na kasoro utalowa.

Nenda siku ya mvua, au theluji inapoyeyuka. Yeye hupenda kuonyesha nyumba wakati wa kiangazi kikavu.

Atakuharakisha: "Kuna mnunuzi mwingine, ukaguzi utatuchelewesha." Au atakuletea mkaguzi wake. Usikubali, lipa mkaguzi wako mwenyewe. Sheria ya Ohio inamtaka muuzaji wa nyumba ya makazi ajaze fomu ya kueleza hali ya nyumba, na ndani yake kuna swali la maji na unyevu kwenye besimenti. Isome kabla ya kusaini. Mwombe pia ripoti ya CLUE, inayoonyesha madai ya bima ya nyumba hiyo kwa miaka hadi 7. Mwenye nyumba ndiye anayeweza kuiagiza. Akikataa, ondoka.

Na msitegemee bima itawaokoa. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na maji taka ya bomba la nje yakirudi ndani kwa kawaida hulipwa tu kama uliongeza kipengele hicho. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida husubiri siku 30 ndipo ianze, na vitu vingi vya besimenti haivigusi.

Uliyeshasaini na siku za ukaguzi kwenye mkataba hazijaisha, tafuta mkaguzi leo. Uliyeshahamia na unaona unyevu, piga picha kabla ya kugusa chochote, hifadhi tangazo, meseji zake na ile fomu, kisha mwone wakili wa masuala ya nyumba. Anayehitaji kufunguliwa ukuta aniandikie faragha, nitakuja kuangalia bila malipo, na nilichokiona kwenye zile nyumba niko tayari kukieleza mbele ya hakimu.